Chura wa Bururi na Siku Tatu za Mvua



Katika mkutano wetu uliopita pale Buyenzi, tulipomaliza habari za michango na kufika kwenye "mengineyo", ndugu mmoja fundi wa kuchomelea vyuma alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Mwanawe anasoma chuo kikuu, pale Mutanga, naye alirudi nyumbani na karatasi zenye orodha ya kazi za utafiti zinazofanywa na wasomi katika nchi zetu hizi. Mmoja anatafuta vyura. Mwingine anapima maji ya mabwawa. Wa tatu anaandika juu ya maana ya neno "kuwa". Wa nne anakusanya methali za wazee. Yule ndugu akasema: "Mimi umeme ukikatika nakaa siku nzima mikono mapajani, na watoto wanataka kula. Huyu anayelipwa kutafuta vyura ananisaidia nini?"

Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo tu, maana nilijua nitaulizwa jibu na sikuwa nalo. Nilisoma mpaka darasa la sita, na mambo ya chuo kikuu nimeyaona kwa nje ya ukuta. Nikaomba nipewe muda. Nimewauliza walimu, nimekaa na vijana wetu wakanisomea Kifaransa na Kiingereza pale kilipopita kichwa changu, na haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na chura mwenyewe, kwa sababu ni wa kwetu.

Katika msitu wa Bururi, kusini mwa nchi yetu, yumo chura mdogo wa urefu wa sentimeta 4 hivi, mweusi mwenye madoa ya kijivu yanayoelekea buluu. Watu wa sayansi humwita Cardioglossa cyaneospila. Dume lake lina kidole kimoja kirefu kupita kiasi katika kila mkono, mahali pale ambapo sisi huvaa pete, na wasomi hawajaeleza kidole hicho ni cha kazi gani. Mbelgiji Raymond Laurent ndiye aliyemwandika katika vitabu mwaka 1950. Mara ya mwisho mtu wa sayansi kumwona ilikuwa mwaka 1949. Baada ya hapo, kimya. Uhuru ukaja mwaka 1962, ikaja misiba ya 1972, vikaja vita vilivyoanza 1993, na hakuna msomi aliyeweza kusema kama chura yule yuko hai au amekwisha. Wengi walifikiri amekwisha.

Mwaka 2011 walikuja Wamarekani wawili, David Blackburn wa chuo cha sayansi cha California na Eli Greenbaum wa chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Vyura huimba usiku, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa usiku kwa taa ya kichwani. Usiku wa tano Blackburn alisikia sauti aliyodhani kuwa ni ya jamii ya chura huyo, akapapasa kwenye majani, akampata mmoja. Mmoja tu. Alikuwa amepotea vitabuni miaka 62. Ndugu zake wa karibu kabisa wako katika milima ya Kameruni, zaidi ya kilomita 2,200 kutoka Bururi, na chura wa namna hii hawezi kusafiri mwendo huo. Basi wasomi huuliza kama zamani misitu ya huku na ya kule ilikuwa imeshikana, na hupima damu na nyama ya chura ili wajue ni lini ndugu hawa walitengana.

Chura yule mmoja yuko San Francisco leo, katika hifadhi ya chuo cha California. Sisemi ameibwa. Lakini mtoto wa Bururi akitaka kumwona chura wa mlima wake na kidole chake kirefu, ama aingie msituni usiku na awe na bahati, ama apande ndege.

Jambo lililonishika zaidi ni lingine. Wageni wale walikuta msitu bado umesimama. Nchi yetu ina watu wengi juu ya ardhi ndogo, kila mtu anatafuta shamba na kuni, na hapo katikati pamepita vita. Msitu hausimami wenyewe katika hali hiyo. Upo kwa sababu kuna walinzi wanaouzunguka kwa miguu, na kwa sababu wakulima wa kandokando walikubali, wengine kwa shingo upande, kutokuuingilia. Chura aligunduliwa kwa usiku mmoja, lakini alitunzwa miaka 62.

Sasa fundi wetu atasema: vema, lakini umeme uko wapi? Hapo inabidi tuvuke mpaka twende Tanzania, maana huko ndiko chura na umeme walikokutana uso kwa uso.

Katika milima ya Udzungwa mto Kihansi huporomoka kwenye genge kubwa. Wahandisi waliona kwamba maji yakipitishwa ndani ya mwamba yataendesha mitambo ya megawati 180. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza wakati, mwaka 1996, watafiti waliokwenda kutazama mimea na wanyama wa genge lile walipoona chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimeta 3, anayezaa watoto wazima badala ya kutaga mayai majini. Profesa Kim Howell wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waliomwandika na kumpa jina. Dunia nzima chura huyo aliishi hapo tu, katika eneo la hekta mbili hivi, kwenye rasharasha za maporomoko. Mitambo ilipoanza, karibu sehemu tisa katika kumi za maji zilikwenda kwenye mabomba, na rasharasha zikakauka.

Ngozi ya chura si kama yetu. Hunywa maji kwa ngozi na hupumua kwa ngozi pia. Ndiyo maana maji yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mafundi wakafunga gengeni mabomba ya kunyunyiza maji, mfano wa bustani ya tajiri. Ilisaidia kwa muda. Mwaka 2003 walihesabiwa kwa maelfu mengi. Miezi michache baadaye walikuwa karibu kwisha, na ugonjwa wa ukungu unaoshika ngozi za vyura ukaonekana hapo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa Dar es Salaam kutoka Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa gengeni.

Wapo waliosema ni upuuzi kumnyunyizia chura maji wakati watu wanalala gizani. Sisemi kwamba mtambo ulikuwa kosa, hata mimi ningeutaka. Nasema mtafiti aliitwa baada ya fundi kuanza kuchimba. Angeitwa kabla, yale maji ya chura yangechorwa katika ramani tangu mwanzo, na fedha nyingi za mabomba, za ndege na za mikutano zisingetumika. Fundi yeyote anajua kwamba kurekebisha ukuta uliokwisha jengwa ni ghali kuliko kuuliza kabla ya kujenga.

Na kwetu je? Bwawa la Rwegura, megawati 18, limetupa umeme tangu mwaka 1986. Liko katika milima ya Kibira, na maji yake yanatoka msituni humo. Mlima wenye msitu hunywa mvua na kuitoa polepole, hata kiangazi; mlima uliokatwa huitupa yote mara moja pamoja na udongo. Maji yakipungua bwawani, kituo cha Buyenzi kinazimika. Hivyo yule anayepapasa majani usiku akitafuta vyura, na yule anayepima maji ya bwawa, na wewe ndugu uliyekaa mikono mapajani, mnaangalia maji yale yale.

Niruhusuni sasa niseme langu. Mwaka 2003, nilipokuwa kijana, nilichukuliwa kuwa kibarua wa watafiti waliokuwa wakipima kijito kimoja milimani. Hao sitawataja. Tulikuwa wanne, tukabeba masanduku, kamba, mahema na chupa. Kazi ilikuwa siku tisa. Siku tatu za katikati ilinyesha mvua ambayo sijaisahau. Wakubwa walirudi mjini kwa gari, nasi tukaachwa kulinda vyombo na kuandika, kila saa, maji yamefika alama gani kwenye kijiti. Nilijua kuandika tarakimu, nikaandika mchana na usiku, mwenzangu akinishikia taa chini ya turubai. Siku ya malipo tulihesabiwa siku sita. Tuliambiwa siku za mvua hazikuwa za kazi.

Miaka kadhaa baadaye kijana mmoja alinisomea ripoti ile. Ina michoro mizuri. Na mchoro mkubwa kuliko yote, ule ambao maneno mengi yameandikwa juu yake, ni wa siku tatu za mvua, saa kwa saa. Mvua ilihesabiwa. Sisi hatukuhesabiwa. Na katika karatasi ya matumizi, ambayo mmoja wetu aliiona kwa macho yake, mstari ulisomeka hivi: kamba, mafuta ya taa, vibarua.

Nilipoulizia habari za wanafalsafa nilidhani hao ndio nitawaacha upesi. Kumbe karatasi ile ya matumizi iko katika kazi yao. Mnyarwanda Padri Alexis Kagame, aliyefariki mwaka 1981, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima juu ya neno "kuwa" katika Kinyarwanda, na mengi yake yanasikika hata katika Kirundi chetu. Alisema lugha zetu zimekwisha gawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Hakuvitoa Ulaya, alivitoa katika midomo ya watu wanaochunga na kulima. Kwa Kirundi chura ni igikere, amewekwa pamoja na ikintu. Kwa Kiswahili tunasema vyura, kama tunavyosema vyombo, lakini chura akifa tunasema amekufa, hatusemi kimekufa. Nikacheka peke yangu: Kiswahili kimempandisha cheo chura, na mwenye karatasi ile alitushusha sisi mpaka kwenye fungu la kamba na mafuta ya taa.

Wakusanyaji wa maneno nao wana deni lao. Padri Rodegem alikusanya methali za Kirundi kwa maelfu, na kitabu chake kilichapishwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1961. Ni kazi kubwa, bila yeye mengi yangepotea pamoja na wazee. Lakini methali hupokelewa kwa mtu aliyekaa kitako akasema, na akaacha shamba lake asubuhi ile ili aseme. Hapa Bujumbura, mwaka 1968, Padri Michel Kayoya alitoa kitabu chake cha Kifaransa, Sur les traces de mon père, maana yake katika nyayo za baba yangu, akitafuta ni nini baba zetu walichokithamini. Huyo alikuwa mtoto wa nchi hii, akitafuta kwa ajili ya nchi hii. Aliuawa mwaka 1972, katika maafa yaliyochukua waliosoma na wasiosoma. Chura aliweza kurudi baada ya miaka 62. Vitabu ambavyo Kayoya angeviandika baada ya hapo havitapatikana usiku wowote, kwa taa yoyote.

Haya nimeyasema mbele ya kamati, na yule fundi alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo tunakataa utafiti au tunautaka?" Nikamwambia tunautaka, lakini kwa kontra. Tukaketi tukaandika karatasi ya ukurasa mmoja kwa ajili ya wote wanaochukuliwa na watafiti: wabebaji, wapishi, madereva, wazamu, waongoza njia, wakalimani, na wazee wanaokalishwa kusimulia. Inasema idadi ya siku iandikwe kabla ya kuondoka. Inasema anayeumia atibiwe, na kazi ikiwa ndefu aandikishwe INSS. Inasema jina la mfanyakazi liwekwe katika ripoti akipenda mwenyewe, na nakala moja irudi kwenye kolini ilikofanyika kazi, pamoja na maelezo kwa Kirundi au Kiswahili. Mstari usemao kwamba siku ya mvua ni siku ya kazi uliandikwa na fundi wa kuchomelea vyuma kwa mkono wake, akauwekea mistari miwili chini.

Karatasi iko bironi kwetu kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi alasiri. Ndugu wa Bururi na wa Kibira watapelekewa. Asiyejua kusoma atasomewa.