Butembo: Krepi ya simenti juu ya matofali mabichi, uzuri unaoweza kuficha hatari

Mjini Butembo, jimboni Kivu ya Kaskazini, nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali mabichi, yale ya udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa. Mwenye nyumba akisha kuweka mabati, anafikiria krepi: simenti na mchanga hupakwa ukutani, kisha rangi. Ukiiangalia toka barabarani, hauwezi kuitofautisha na nyumba ya matofali ya kuchoma.

Lakini udongo na simenti havina tabia moja. Tofali bichi hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Simenti ni ngumu, haifuati mwendo huo, ndipo nyufa zinaanza. Maji ya mvua yanaingia kwenye ufa, na krepi ile ile inayazuia yasitoke haraka. Kwa nje ukuta unaonekana mzima, kumbe ndani tofali limerudi kuwa matope. Siku krepi inaanguka, inabeba udongo pamoja nayo.

Mafundi wa zamani, toka Roma hadi pwani ya Afrika Mashariki, walipaka kuta zao kwa chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa kwa moto wa karibu digri 900, yanazimwa kwa maji, kisha yanachanganywa na mchanga. Chokaa hukauka polepole, haiwi ngumu kama simenti, na inaacha unyevu utoke. Waitalia waliiita stucco, wakachonga nayo maua na sanamu kwenye kuta na dari. Simenti ya Portland ilikuja nyuma: Mwingereza Joseph Aspdin aliiandikishia hati mwaka 1824.

Kwa nyumba ya matofali mabichi, ulinzi wa kwanza ni msingi wa mawe na mabati yanayotoka mbele ya ukuta. Halafu krepi ya udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, ama ya chokaa: kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga.

Na aliyekwisha kupaka simenti? Agongegonge ukuta kwa kidole. Pakilia kama debe tupu, krepi imeachana na tofali. Kuziba ufa na kupaka rangi mpya hakutoshi: sehemu hiyo ibomolewe, na udongo ukauke kwanza kabla ya kurudishia.