Futi 55 za ukuta na kalamu za watoto

Nilikuwa natafuta habari nyingine kabisa nilipokutana na ukuta huu, na mpaka leo haujanitoka kichwani. Urefu wake futi 55. Mtu mmoja kachora humo stesheni zote za treni za chini ya ardhi za New York, zaidi ya 400, kisha kashika kalamu za rangi, zile za nta ambazo watoto wa chekechea huzitafuna, na kuanza kutia nukta. Hapa abiria kaporwa. Pale kaibiwa. Na kesi zilizopata watuhumiwa hazikuchanganywa na zile zilizolala.

Mchoraji ni Jack Maple, luteni wa polisi wa usafiri, miaka ya 1980. Bonge la mtu, kofia ya kizamani, tai ya kipepeo, viatu vya rangi mbili. Ungemdhania mpiga saksafoni. Kazi yake aliipa jina Chati za Wakati Ujao. Majigambo, ndiyo, lakini ya mtu aliyeinama ukutani akipaka rangi.

Hoja yake haikuhitaji shahada: nukta zinaporundikana, askari wapelekwe hapohapo, na saa hizohizo. Alipokuja kupanda cheo, alichefuka kukuta makachero wa dawa za kulevya wakifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa za ofisi. Muuza unga ana wikiendi?

Mwaka 1990 William Bratton akawa mkuu wa polisi wa usafiri, akamkabidhi Maple rungu. Kufikia 1992 uporaji kwenye treni ulikuwa umepungua kwa theluthi moja. Mwaka 1994 wakahamia polisi wa jiji zima, NYPD, ukuta ukageuka kuwa kompyuta, ukazaliwa CompStat, mfumo wa kufuatilia uhalifu kwa takwimu.

Sifa zote ni zao? Miaka hiyo uhalifu ulishuka karibu Marekani nzima. Tena nukta huletwa na aliyejisumbua kuripoti. Stesheni ambayo abiria wake wamekata tamaa na polisi itaonekana safi. Miaka ya baadaye, kituo kimoja cha polisi cha Brooklyn kilibainika kupunguza uzito wa makosa kwenye vitabu ili takwimu zipendeze. Kalamu ilikuwepo, nukta ikafichwa.

Kwenye pochi yangu kuna karatasi ya RB, ile ya kuripoti polisi, imekunjwa mara nne, ya simu niliyochomolewa kwenye daladala. Afande aliandika tarehe na aina ya simu. Basi lilikuwa la njia gani, na lilikuwa limefika kituo gani, hakuniuliza.