Kabla ya Kumlisha Mgonjwa wa Kiharusi

Huku Ntalikwa, kama sehemu nyingi za Tabora, mtu akipata kiharusi, ndugu wa kwanza kufika huja na chupa ya uji. Ni upendo, na ndivyo tulivyolelewa: mgonjwa lazima ale apate nguvu. Tatizo ni kwamba uji huohuo unaweza kumletea nimonia, na nimonia huua wengi walionusurika na kiharusi chenyewe.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu kwenye ubongo unapoziba au kupasuka. Tunachokiona ni mkono kulegea na mdomo kwenda upande. Tusichokiona ni kwamba misuli ya koo nayo inaweza kulegea. Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yamtoke. Mgonjwa huyu anaweza kupaliwa kimyakimya: uji, maji, hata mate yake, vinashuka mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani.

Nimonia hii huja zaidi ndani ya siku 7 za mwanzo, na kuitambua si kazi nyepesi. Mgonjwa huenda hawezi kusema anaumwa wapi. Kwetu Tabora homa ikipanda, wa kwanza kushukiwa ni malaria. Daktari huunganisha dalili kadhaa: homa, kupumua haraka, makohozi ya usaha, mikwaruzo kifuani, oksijeni kushuka, kuchanganyikiwa ghafla. Picha ya eksirei inasaidia, ila mwanzoni inaweza kuonekana safi wakati ugonjwa umeshaanza.

Ikithibitika au ikishukiwa sana, hutibiwa bila kuchelewa: antibayotiki, oksijeni kama imeshuka, na kumwinua mgonjwa asilale chali muda wote.

Sasa, si bora tumpe antibayotiki mapema, kabla hajaugua? Hilo limeshajaribiwa. Tafiti mbili kubwa, ya Uingereza na ya Uholanzi, zilitoa majibu mwaka 2015: kuwapa wagonjwa dawa za kinga hakukupunguza vifo. Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa.

Kinachosaidia ni kupima kumeza kwanza. Muuguzi aliyefundishwa humkalisha mgonjwa wima, humpa maji kidogokidogo, huku akiangalia kama anakohoa au sauti inakuwa ya majimaji. Akishindwa, hulishwa kwa mpira unaopitia puani. Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wodi ambazo wauguzi walifuata utaratibu wa kusimamia homa, sukari na kumeza zilikuwa na wagonjwa wachache zaidi waliokufa au kubaki tegemezi baada ya siku 90.

Wanachuo wenzangu, likizo tukirudi nyumbani sisi ndio "wasomi" tunaopewa karatasi za hospitali tuzisome. Basi ukimfikisha mgonjwa Kitete au kituo chochote cha afya, uliza mapema: "Amepimwa kumeza?" Kabla ya jibu, asipewe chochote mdomoni, hata maji, hata vidonge. Akiruhusiwa kula, mkalishe wima, kijiko kidogo, ameze ndipo uongeze, na abaki amekaa nusu saa. Msafishe kinywa kila siku, hata kama hali chochote. Akianza kupumua haraka au kuwa na homa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.

Mwambie shangazi uji wake haukatazwi. Unasubiri koo lipimwe.