Mtoto Aliye Jikoni Mwetu



Katika mitaa yetu wamo watoto wafanyao kazi ambao wapita njia hawawaoni, kwa kuwa kazi yao imo ndani ya nyumba. Wengi ni wasichana waliotoka bara ya Kwale na Kilifi, pande za Kinango na Ganze, ambako ukame hurudi mara kwa mara na kuacha ghala tupu. Jamaa zao husema, “Tumempeleka Mombasa, atasaidiwa.” Mwenye nyumba naye husema, “Namlea.” Haupiti muda mrefu, mtoto huyo huwa ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Watoto wa nyumba huenda skuli na chuoni, naye hubaki na ndoo, sufuria na mtoto mchanga mgongoni.

Miongoni mwa waliosimama kupinga jambo hili katika Afrika Mashariki ni Bi Angela Benedicto wa Mwanza, mji ulio kando ya Ziwa Victoria nchini Tanzania. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa nyumbani, akayaonja machungu yake. Alipotoka humo hakunyamaza, bali aliasisi jumuiya iitwayo WoteSawa. Jumuiya hiyo huwapa hifadhi wasichana waliodhulumiwa majumbani, huwasaidia kudai haki zao na kurejea kwa jamaa zao au masomoni, na hutaka mtumishi aliyefikia umri wa kazi awe na mkataba unaoeleweka. Ugumu wa jihadi yake ni kwamba anayepingwa si mwenye kiwanda. Ni jirani, shangazi, mama mwenye heshima zake mtaani, ambaye huenda haamini kabisa kwamba anadhulumu.

Wapo wanaojitetea kwa kisa cha Anas bin Malik, wakisema kwamba hata Bwana Mtume (S.A.W.) alihudumiwa na mtoto. Ni kweli, Anas alikuwa na umri wa miaka kama 10 mamaye, Bi Ummu Sulaym, alipompeleka. Lakini kisa kisomwe chote. Mama huyo aliishi mumo humo Madina, na Mtume akizuru nyumbani kwake. Mtoto hakutengwa na mamaye. Anas mwenyewe amesimulia kwamba katika miaka 10 ya kumtumikia Mtume hakuwahi kukemewa. Na alitoka na nini katika utumishi ule? Alitoka mwanachuoni, aliyewafikishia umma Hadithi zaidi ya 2,000. Nyumba aliyoitumikia ndiyo iliyokuwa skuli yake. Basi anayetaka kumtaja Anas, na atuonyeshe kwanza elimu aliyoipata mtoto aliye jikoni mwake.

Mwingine atauliza: je, si afadhali ale hapa kuliko kulala njaa kwao? Naam, kumlisha mwenye njaa ni thawabu kubwa. Lakini sadaka hailipwi kwa jasho. Ukimpa mtoto sahani ya wali, kisha ukamdai kwa sahani hiyo kufua, kupika na kulea kutwa nzima, hiyo si sadaka tena. Ni ujira, tena ujira wa kupunja.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ulinzi dhidi ya kazi za unyonyaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo.

Dada zangu, kila mmoja na ajiulize. Je, mtoto huyu anasoma? Je, huzungumza na mamake bila mtu kumsikiliza? Je, hula tunachokula, na kulala mahali penye staha na salama? Je, mzigo anaobebeshwa ningeridhia abebeshwe binti yangu wa umri wake?

Ikiwa jibu moja ni la, dawa si kumpa nauli na kumwacha kivukoni peke yake. Hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma. Wasiliana na wazazi wake, umwandikishe skuli, au umkabidhi kwa jamaa zake mkononi. Na ukimjua mtoto anayeteswa kwa jirani, nambari 116 hupigwa bila malipo, na afisa wa watoto yupo. Kusitiri aibu ya jirani hakumaanishi kuficha kilio cha mtoto.

Tena tuitazame zaka yetu. Tangu mwaka 2003 skuli za msingi za serikali hazitozi karo, lakini sare, madaftari na chakula vingali vinawashinda wengi. Familia chache za mtaa mmoja zikikusanya fungu lao, zaweza kumfanya msichana wa Kinango asome huko huko kwao, chini ya jicho la mamake. Huko ndiko kumsaidia.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe skuli kwa kila mtoto anayeingia. Amin.