Moyo: chombo kidogo kuliko punje ya muchele, kisha kazi kinayeyuka mwilini

Neil Armstrong alikwenda mupaka kwenye mwezi mwaka wa 1969 na akarudi muzima. Miaka 43 kisha pale, waya ndogo ndizo zilimuletea kifo. Mwezi wa 8 mwaka wa 2012 alipasuliwa moyo katika jimbo la Ohio, inchini Marekani, na wanganga wakamwachia waya za kusaidia moyo kupiga sawasawa kwa siku chache. Waya hizo zilipoondolewa, damu ikaanza kuvujia ndani, kuzunguka moyo. Alifariki tarehe 25 mwezi huo, akiwa na miaka 82. Watu wengi walijua habari hiyo mwaka wa 2019 tu, wakati gazeti The New York Times lilipoiandika.

Waya za namna hiyo zinatumiwa sana. Kisha kupasuliwa, moyo unaweza kupiga polepole sana ao bila mupango, na umeme kidogo ndio unaurudishia mwendo wake. Munganga anashikamanisha ncha za waya kwenye musuli wa moyo. Upande mwingine unatokea inje ya kifua na kuungwa kwenye mashini. Siku kama saba hivi, moyo ukipata nguvu, waya zinavutwa.

Hatari iko kwenye kuvuta. Moyo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku, na nyama yake ni laini. Kitu kigumu kikikaa pale, mwili unaanza kukizungushia kovu, kama unavyofanya kwa mwiba uliobaki katika nyama. Ukivuta waya, unaweza kuchana kovu pamoja na musuli. Tena lile tundu la kifuani ni mulango wa viini vya magonjwa.

John Rogers, injinia wa vyombo laini vya umeme katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na Igor Efimov, mutaalamu wa moyo, waliona kama kazi ya siku saba haihitaji chombo cha kudumu. Mwaka wa 2021, wao na wenzao walionyesha chombo chembamba chenye kupindika, chenye uzito chini ya nusu gramu, bila waya wala betri. Nguvu zake zinatoka kwa antena iliyowekwa juu ya ngozi, kwa njia ile ile ya simu zinazolipa kwa kukaribishwa tu kwenye mashini. Kilitengenezwa na vitu ambavyo maji ya mwili yanavivunja, kama vile magnesiamu, ambayo hata chakula chetu kinayo. Katika juma tano mupaka saba kinakuwa kimeyeyuka, na hakuna mutu anayepaswa kukitoa.

Lakini antena ile ilikuwa bado kizuizi. Mwezi wa 4 mwaka wa 2025, katika gazeti la sayansi Nature, kundi hilo likatangaza chombo kingine: urefu milimita 3.5, upana 1.8, unene 1. Kinaingia mwilini kwa sindano. Metali mbili tofauti zinapokutana na maji ya mwili, umeme unazaliwa, basi mwili wenyewe unakamilisha betri. Plasta laini inabandikwa kifuani na kusikiliza moyo. Moyo ukikosea, plasta inatuma mwanga usioonekana kwa macho, unapita katika ngozi na nyama, na chombo kinajiwasha.

Waliofikiriwa kwanza ni watoto wachanga. Karibu mutoto mumoja katika 100 anazaliwa na kasoro ya moyo, na katika kifua kidogo vile kila milimita inahesabika.

Majaribio yamefanywa kwa wanyama, na kwa mioyo ya watu waliokufa iliyotolewa kwa ajili ya utafiti. Mbele ya kukiweka kwa mugonjwa, kuna swali moja gumu: wakati. Chombo kinachoanza kuyeyuka siku ya nne, mbele moyo haujapona, kinamwacha mutoto bila musaada usiku wa manane. Kwa sasa, watoto wanaopasuliwa moyo wanaendelea kutoka katika chumba cha upasuaji na waya kifuani.