Nani atunze majina ya mtandao wa redio?

Wengi wetu tunaijua foni, redio inayopeleka habari toka misheni hadi misheni wakati barabara imefungwa. Kuna pia watu wanaotumia redio bila mshahara wala biashara, kwa kujifunza na kusaidiana. Ni wanaredio wa ridhaa. Hapa Kongo alama zao za wito huanza na 9Q.

Redio zao zaweza kubeba hata data, kama intaneti. Mwaka 1981 Hank Magnuski, wa Marekani, aliwapatia fungu la anwani zinazoanza na 44, zaidi ya milioni 16. Mwaka 2019 robo yake iliuzwa kwa Amazon. Zilizobaki ni zao bado.

Lakini anwani ni tarakimu, na mtu hushika jina kuliko tarakimu. Kwa hiyo kituo hupewa jina: alama yake ya wito, kisha ampr.org. Nani basi ashike orodha ya majina hayo?

Njia ya kwanza ni orodha moja ya katikati. Ni nyepesi kwa kikundi. Ila intaneti ikikatika, vituo viwili vinavyosikilizana kilima kwa kilima vitashindwa kutafutana kwa jina.

Njia ya pili, kila kikundi kipewe tawi la jina na kulitunza chenyewe. Mabadiliko hufanyika upesi, lakini mzigo ni mkubwa: zinatakiwa seva mbili, zisizokaa nyumba moja wala kutegemea betri moja.

Sisi tunaona kikundi kidogo kianze na njia ya kwanza, kikiweka nakala ya orodha kwenye seva ndogo ya karibu. Kikipata watu wawili au watatu wanaojua kazi hiyo, kiombe tawi lake.

Jambo hili latugusa sisi pia. Kanisa likinunua jina la tovuti, mara nyingi kijana mmoja hulilipia kwa jina lake na simu yake. Akihama au akifariki, malipo ya mwaka husahauliwa, na mgeni aweza kulinunua jina lile. Tuliandikishe kwa jina la kanisa, neno la siri lijulikane na watu wawili, na tarehe ya malipo ikae kwenye kalenda ya ofisi.

Kabla ya mkutano ujao wa wazee, tuulize: jina la tovuti yetu limeandikwa kwa nani?