Muuguzi Anaposhukiwa

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Ni habari ya muuguzi ambaye baraza lililompa leseni linamshuku kwamba anatumia pombe au dawa za kulevya. Tutaliangalia jambo hili kama lilivyo Marekani, kwa sababu huko mipango ya kuwaangalia wauguzi wa namna hiyo imekuwako kwa miaka mingi. Tena huko wako wana wetu na binti zetu wengi waliotoka Kenya kwenda kuuguza wagonjwa. Mzazi aliyeko Kisii au Murang'a huenda siku moja akapigiwa simu, akaambiwa, "Mama, nimesimamishwa kazi. Baraza linanichunguza." Je, mzazi huyo ataelewa nini? Na atajibu nini?

Wengi wetu tutakimbilia methali ile isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Twaomba leo tuiweke methali hiyo kando kidogo, tusikilize kwanza.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika hospitali nyingi za Marekani, dawa kali za kutuliza maumivu, kama morfini na fentanili, huwekwa katika kabati linaloendeshwa na kompyuta. Muuguzi hulifungua kwa alama ya kidole au kwa nambari yake ya siri, na kila kichupa kinachotoka huandikwa papo hapo: nani amekitoa, saa ngapi, na kwa ajili ya mgonjwa yupi. Ikiwa daktari ameagiza nusu tu ya dawa iliyomo, nusu inayobaki lazima imwagwe mbele ya mwenzake, naye athibitishe kama shahidi. Baadaye wakubwa hulinganisha hesabu ya kabati na cheti cha mgonjwa. Hesabu zisipolingana, maswali huanza.

Kuna nyakati ambapo jibu la maswali hayo ni la kusikitisha. Muuguzi aliumia mgongo kwa kuinua wagonjwa, akapewa vidonge, maumivu yakaisha lakini vidonge havikuachika. Au alianza kunywa pombe apate usingizi baada ya zamu za usiku, na sasa pombe ndiyo inayomnywa yeye. Dawa ziko karibu naye mchana kutwa, naye anajua kuzitumia. Elimu yake haimkingi na uraibu. Uraibu ni ugonjwa, nao hauulizi mtu ana cheti gani.

Lakini kuna nyakati ambapo jibu ni jingine kabisa. Muuguzi alikuwa na wagonjwa sita. Mmoja alitapika, mwingine akaanguka kitandani, yeye akakimbia huku na huku akasahau kuandika. Hesabu haikulingana, lakini hakuna dawa iliyoibwa. Kwa karatasi, watu hawa wawili hufanana. Ndiyo maana twasema kwamba shaka ni mlango wa uchunguzi. Isigeuzwe kuwa hukumu.

Hata hivyo, tusiwalaumu wanaochunguza. Mgonjwa aliyelala kitandani hana mtetezi mwingine. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba mfanyakazi mmoja wa hospitali katika jimbo la New Hampshire alikuwa akiiba sindano za fentanili, akijidunga, kisha akizirudisha zikiwa na maji ya chumvi. Huyu hakuwa muuguzi. Alikuwa fundi wa mitambo ya matibabu. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa ini uitwao hepatitisi C, na katika hospitali hiyo peke yake aliwaambukiza wagonjwa zaidi ya 30. Mwaka 2013 mahakama ilimfunga miaka 39. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika hospitali za majimbo kadhaa, na mahali pengine alikuwa tayari ameshukiwa na kuondolewa. Aliondoka tu akaenda kwingine. Kunyamaza kwa watu kulimsafirisha kutoka wadi hadi wadi.

Basi kwa nini watu hunyamaza? Hunyamaza kwa sababu ya hofu. Zamani muuguzi aliyejulikana kuwa na shida hii alifukuzwa, akanyang'anywa leseni, na habari yake ikaishia hapo. Kwa hiyo mgonjwa wa uraibu alijificha, na wenzake walimficha kwa kumhurumia. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo kingeweza kumpata hata mgonjwa asiye na hatia.

Ndipo ikaja njia nyingine. Mwaka 1983 jimbo la Florida lilianzisha mpango wa kuwasaidia wauguzi wapate matibabu chini ya uangalizi, badala ya kukimbilia adhabu peke yake. California ilifuata mwaka 1985, na Texas mwaka 1987. Leo majimbo mengi ya nchi hiyo yana mipango ya jinsi hiyo, ingawa kila jimbo lina sheria zake. Nia yake ni mbili kwa pamoja: mgonjwa alindwe, na muuguzi apone arudi kazini. Palipo na mpango wa hiari, muuguzi anayejisalimisha mapema mara nyingi jina lake halitangazwi. Anayeadhibiwa na baraza, adhabu yake huandikwa mahali ambapo kila mwajiri huweza kuisoma.

Sasa tuone muuguzi hutakiwa kufanya nini anapoingia katika mpango huo. Kwanza hupimwa na mtaalamu wa uraibu. Kisha hutia sahihi mkataba, ambao kwa kawaida huwa wa miaka mitatu hadi mitano. Kila siku asubuhi hupiga simu au hutazama katika kompyuta kama siku hiyo amechaguliwa kupimwa. Akichaguliwa, lazima afike kwenye maabara siku hiyo hiyo, atoe mkojo, pengine mbele ya mtu anayemtazama. Hatakiwi kuonja pombe hata tone, wala dawa ya kusukutua kinywa yenye pombe, wala mkate wenye mbegu za mpopi, kwa sababu vitu hivi huweza kuonekana katika kipimo. Kazini huweza kukatazwa kushika dawa kali, kufanya zamu za usiku, au kufanya saa za ziada. Msimamizi wake huandika ripoti juu yake. Huhudhuria mikutano ya vikundi kila juma. Na gharama ya vipimo hivyo, mara nyingi hulipa mwenyewe, hata kama kwa wakati huo hana kazi.

Wazazi na ndugu walioko nyumbani, tafadhalini sikieni jambo hili. Binti yenu akiacha kutuma pesa kwa miezi kadhaa, msiseme upesi kwamba amesahau kwao. Na akisema hawezi kuja mazishini juma hili, msimwite mtu asiye na utu. Aliye chini ya mkataba kwa kawaida huomba ruhusa kabla ya kusafiri, na siku moja tu ya kukosa kuripoti huweza kuhesabiwa kuwa ni kuvunja mkataba. Tena msimpelekee dawa za kikohozi au za maumivu zilizonunuliwa huku. Baadhi yake zina kodeini, na tone hilo la mapenzi yenu laweza kumgharimu leseni.

Je, mipango hii ina haki siku zote? Hapana, na ni lazima tuseme kweli. Kipimo kimoja kinachotafuta mabaki ya pombe mkojoni ni kikali mno. Mwaka 2006 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilionya kwamba kipimo hicho kisitumike peke yake kama ushahidi wa kwamba mtu amekunywa, kwa kuwa hata vitu vya kawaida vyenye pombe, kama vile vya kusafishia mikono, huweza kukifanya kionyeshe pombe. Fikirini, ndugu zetu: muuguzi anaamriwa kusafisha mikono mara nyingi kila siku, halafu mikono hiyo hiyo inageuka kuwa shahidi dhidi yake!

Tena mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliamua kwamba baraza la wauguzi la jimbo la Indiana lilikuwa limevunja sheria ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu. Muuguzi mmoja alikuwa akitumia dawa aliyoandikiwa na daktari kutibu uraibu, naye akazuiwa kubaki katika mpango kama hataiacha dawa hiyo. Yaani alitakiwa kuacha tiba ili aonekane amepona.

Kuna pia habari ya vikundi. Vingi hufuata njia ya hatua kumi na mbili, iliyotokana na chama cha walevi waliojirekebisha kilichoanza huko Akron, Ohio, mwaka 1935. Vimesaidia watu wengi sana, na katika mikutano hiyo jina la Mungu hutajwa. Sisi wenye imani twafurahi kusikia hivyo. Lakini mahakama za Marekani zimeamua zaidi ya mara moja kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu kuhudhuria mikutano yenye sura ya dini, ikiwa hapewi njia nyingine. Nasi tukubali kwamba sala ya kulazimishwa haimponyi mtu. Muuguzi asiyetaka njia hiyo ana haki ya kuomba kikundi cha namna nyingine, wala asihesabiwe mkaidi.

Sasa twafika kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Muuguzi aliyeshukiwa, awe na hatia au asiwe nayo, hupoteza kwa siku moja kazi, mshahara, na heshima. Watafiti wa Marekani waliochunguza vifo vya wauguzi waliojiua waligundua kwamba baadhi yao walikuwa wamekabiliwa na matatizo kazini, yakiwemo uchunguzi na kupoteza kazi kwa ajili ya dawa. Kwa hiyo saa ile anayopewa barua ndiyo saa ya kutomwacha peke yake. Huko Marekani, tangu mwaka 2022, mtu yeyote aliyekata tamaa aweza kupiga simu nambari 988 mchana au usiku, akazungumza na mtu wa kumsikiliza. Aliye na ndugu huko na aiandike nambari hiyo.

Basi tufanye nini? Kwako wewe muuguzi unayejua moyoni kwamba kitu hiki kimekushinda, twasema: jitokeze kabla hujatolewa. Kujitokeza mapema kwaweza kukuokoa wewe, na kwaweza kumwokoa mtu aliyelala mbele yako akikuamini. Usikimbilie jimbo lingine ukidhani hutajulikana. Kumbukumbu za mabaraza hufuatana na mtu.

Kwako unayeshukiwa bila hatia, twasema: usikasirike ukaacha barua ya baraza bila kuijibu. Kutojibu huonekana kama kukiri. Lakini pia usitie sahihi mkataba wa miaka mitano kwa hofu ya dakika tano. Mtafute wakili anayejua mambo ya mabaraza ya wauguzi, soma kila ukurasa, weka nakala za dawa zote ulizoandikiwa na daktari, na ukiweza pata maoni ya mtaalamu wa pili.

Kwako wewe mwenzake wa zamu moja, twasema: ukiona mkono unatetemeka, au mgonjwa analia kwa maumivu ilhali imeandikwa kwamba amechomwa sindano, usinyamaze na usivumishe. Mambo haya mawili ni maovu sawasawa. Mweleze msimamizi ulichokiona kwa macho yako, usiongeze ulichokisikia.

Na kwetu sisi tulioko nyumbani na makanisani, kazi yetu ni nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Tuuzuie ulimi. Twajua jinsi habari zinavyokimbia: mtu mmoja huko Dallas au Minneapolis husimulia jambo asubuhi, na kabla ya jioni soko zima la kijijini limekwisha kulisikia, pamoja na chumvi iliyoongezwa njiani. Miaka mitatu baadaye muuguzi yule amemaliza mkataba wake, amerudi wadini, wagonjwa wanamshukuru, lakini kijijini kwao jina lake lingali ni "yule wa madawa." Baraza limemwachilia, sisi bado tumemfunga.

Mtu aweza kuangaliwa bila kudharauliwa. Mgonjwa aweza kulindwa bila muuguzi kuangamizwa. Kwa hiyo simu ile ikija, mzazi asiulize kwanza, "Ni kweli ulifanya?" Aulize, "Mwanangu, umekula? Uko na nani hapo?" Maswali mengine yana wakati wake, na wako wenye kazi ya kuyauliza.